Bahasha Moja, Watu Wawili

Walikuja na bahasha moja ya kaki, na mke ndiye aliyeishika. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za watu wanaohama, kwa hiyo nimezoea kufungua bahasha za wengine na kusoma maisha yao kwa kufuata mihuri. Nilitandaza mezani vilivyokuwemo: mkataba wa ajira wa mke, shahada yake ya kompyuta, orodha ya alama zake za chuo, barua tatu za waajiri wake wa zamani, pasipoti yake, cheti chake cha kuzaliwa. Chini kabisa, zimebanwa pamoja kwa kibanio kimoja, palikuwa na pasipoti ya mume na cheti cha ndoa.

"Na vyako wewe, kaka?" nilimuuliza mume.

"Mimi namfuata tu, dada. Vyangu ni hivyo viwili."

Mtu huyu alikuwa muuguzi mwenye leseni, miaka 9 wodini, mitano kati ya hiyo kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Stashahada yake ilikuwa kabatini nyumbani. Hakuna aliyemwambia ailete, na yeye mwenyewe hakuona kama inahusika.

Nakieleza kisa chao kwa ruhusa yao. Majina nimeyaacha, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha. Nimekichagua kwa sababu ile bahasha moja nimeshaipokea mara nyingi sana, ikiwa imeshikwa na mke au na mume, na kila mara kuna mmoja kati ya wawili ambaye yumo ndani yake kama kiambatisho cha mwenzake. Wengi huligundua hilo baada ya mwaka mmoja ugenini. Hawa wawili waliligundua wakiwa bado na muda wa kufanya kitu.

Hali ilivyokuwa

Ilikuwa Januari 2024. Mke alikuwa amepata kazi ya kuandika programu za kompyuta Leipzig, jimbo la Sachsen, Ujerumani, aanze mwezi wa Mei. Mshahara wake ulitosha kumpa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha ukaazi na kazi kwa wataalamu wa nje ya Umoja huo; kima chake kwa mwaka huo kilikuwa yuro 45,300 kwa mwaka kwa kazi za kawaida, na yuro 41,041.80 kwa fani zenye uhaba wa watu, kompyuta ikiwa mojawapo. Walikuwa na miaka 6 ya ndoa, hawajapata mtoto bado. Mpango wao ulikuwa mfupi: mume aache kazi mwezi wa Aprili, wauze vitu vya ndani, wapande ndege moja. Kuhusu kazi ya mume, jibu lao lilikuwa hili: "Tukifika tutajua."

Kwa upande wa sheria walikuwa na bahati, na sikuwaficha. Kwa kawaida mtu anayemfuata mwenzi wake Ujerumani hutakiwa aonyeshe kwanza kwamba anajua Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya chini kabisa (juu yake zinafuata A2, B1 na B2), sharti lililowekwa mwaka 2007. Mwenzi wa mwenye Kadi ya Bluu amesamehewa sharti hilo. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila kuomba kibali kingine. Bima ya afya ya umma inamchukua chini ya mwenzake bila mchango wa ziada, maadamu yeye hana kipato au kipato chake ni kidogo sana. Na ndoa yao ilikuwa imeshasajiliwa, jambo ambalo si dogo: kuishi pamoja bila ndoa, hata kwa miaka 10, hakumpi mtu viza ya kumfuata mwenzake nchini humo.

Kwa hiyo milango ilikuwa wazi. Lakini mlango ukiwa wazi mtu hakumbuki kuuliza ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Ufunguo

Kibali cha mume kingetundikwa juu ya vitu viwili ambavyo vyote si vyake peke yake: ndoa, na kibali cha mke. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inasema mwenzi aliyefuata anapata haki ya kubaki kwa jina lake mwenyewe akishaishi na mwenzake ndani ya nchi hiyo kwa miaka 3. Zamani ilikuwa miaka 2, ikaongezwa mwaka 2011. Ndoa ikivunjika kabla ya hapo, msingi wa kibali chake unaondoka, isipokuwa kuna madhila makubwa kama vile kupigwa au kuteswa ndani ya ndoa, ambako sheria inamlinda.

Na kibali cha mke nacho kimesimama juu ya kazi. Muda wa majaribio Ujerumani unaweza kufika miezi 6, na ndani yake mwajiri anaweza kumwachisha mtu kwa taarifa ya wiki 2 tu. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 unampa mwenye Kadi ya Bluu aliyepoteza kazi miezi 3 ya kutafuta nyingine kama hajatimiza miaka 2 na kadi yake, na miezi 6 kama ametimiza. Hesabu yake ni rahisi na inatisha: mume aache kazi ya miaka 9 mwezi wa Aprili, mke aachishwe Agosti, na kufikia mwisho wa mwaka wote wawili hawana kazi, hawana nyumba ya kurudia, na muda wa kibali unahesabiwa.

Nililieleza hili taratibu, lakini mke alikasirika kabla sijamaliza. "Unatuombea talaka?"

Namwelewa. Kuzungumza habari ya ndoa kuvunjika mbele ya watu wanaopanga kuhama pamoja ni kama kupima urefu wa kaburi la mtu anayekwenda kupanda basi. Lakini kisheria wao walikuwa wanakwenda kuwa mtu na nusu, na nusu hiyo alikuwa mtu mzima mwenye taaluma. Nilimwambia mke kwamba sina shaka naye hata kidogo. Shaka yangu ni juu ya siku atakaporudi kazini amechoka, baridi imeingia kwenye mifupa, amkute mume kwenye kochi ametimiza miezi saba hana kazi, maneno yatupwe, na mmoja aseme, "Mimi ndiye niliyekuleta huku." Nyumbani sentensi hiyo ni tusi tu la hasira, kesho yake mtu anaomba radhi. Kule ina mgongo wa sheria, na wote wawili wanajua. Nimeisikia ikisimuliwa na wanawake, nimeisikia ikisimuliwa na wanaume, na wote husimulia wakiangalia chini.

Mume alikuwa kimya muda wote huo, akikigeuzageuza cheti cha ndoa. Mwishowe aliuliza swali ambalo ndilo kisa kizima: "Nifanye nini ili niende naye bila kuning'inia kwake?"

Njia mbili za mtu mmoja

Hapa ndipo kisa chao kinapotofautiana na vingi, kwa sababu mume alikuwa na njia yake mwenyewe na hakuwa anaijua. Ujerumani ina uhaba wa wauguzi, na muuguzi aliyesomea nje anaweza kuomba viza kwa jina lake, aende kukamilisha utambuzi wa taaluma yake. Njia hiyo ingempa kibali kisichomtegemea mke hata kwa siku moja. Lakini ina bei yake: inataka mwajiri aliyekubali kumpokea, inataka Kijerumani cha angalau A2, na waajiri wengi wa uuguzi hudai B1. Alikuwa hajui hata kusalimia. Isitoshe, mwajiri angeweza kuwa mji mwingine kabisa, saa tano za treni kutoka Leipzig, na hapo kuhama pamoja kungekuwa kuhama pamoja kwa jina tu.

Njia ya pili, ile ya kumfuata mke, haikutaka lugha wala mwajiri, na ingemweka nyumba moja na mkewe. Kasoro yake tumeshaiona.

Watu wengi huzichukulia njia hizi kama njia panda, uchague moja na nyingine uiage. Ushauri wangu ulikuwa azitumie zote mbili kwa mpangilio: aingie kwa viza ya mwenzi, kwa kuwa ndiyo nyepesi, lakini faili la utambuzi wa taaluma lifunguliwe kabla hajaondoka, kwa jina lake. Siku atakapopata leseni ya Ujerumani na mkataba wa kazi, ataomba kibali cha mtaalamu kwa miguu yake, hata kama ile miaka 3 haijafika. Viza ya mwenzi ingekuwa ngazi ya kupandia, asiifanye nyumba ya kuishi.

Kufungua faili kukiwa bado nyumbani si upendeleo. Sheria inaruhusu, na serikali ya Ujerumani ina kituo cha kuwashauri bure walio nje ya nchi kuhusu utambuzi wa taaluma. Linaloshinda watu ni kwamba maombi hupelekwa kwenye mamlaka ya jimbo, na majimbo yako 16, kila moja na ofisi yake na orodha yake ya nyaraka. Kwao hilo lilikuwa jepesi kwa kuwa kazi ya mke ilishachagua jimbo.

Mamlaka hulinganisha mafunzo ya mwombaji na ya kwao. Muuguzi wa Ujerumani, tangu sheria mpya iliyoanza Januari 2020, husoma miaka 3 yenye saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Kwa hiyo swali lao kwa muuguzi wa nje linakuwa la ndani zaidi kuliko "una stashahada?" Wanauliza: ulikaa saa ngapi kwa wazee, saa ngapi kwa watoto, saa ngapi kwa wagonjwa wa akili? Pengo likionekana, mwombaji hupewa barua inayolitaja, kisha ama afanye mtihani wenye sehemu ya vitendo na sehemu ya mdomo, ama apitie mafunzo ya kuziba pengo chini ya usimamizi. Na leseni yenyewe inataka Kijerumani cha B2. Muuguzi asiyemwelewa mgonjwa anapolalamika usiku ni hatari, na mume aliposikia sharti hilo hakulalamika. Alisema hata yeye asingemkabidhi mgonjwa wake kwa mtu asiyemwelewa.

Kupishana

Jambo lililowagombanisha kwelikweli lilikuwa la ndege moja. Mke alitaka waondoke pamoja. Kwake yeye, kwenda peke yake kulikuwa ni kurudia historia ya nyumbani kwao, ambako baba alisafiri kikazi na safari ikageuka miaka. Mume, baada ya kuelezwa habari ya wiki 2, alianza kutaka abaki. Kwa hiyo waligeuka: aliyekuja kwangu akiwa anafuata tu sasa alikuwa anasema "tangulia", na mke akasikia kana kwamba anaambiwa "nenda".

Sikukaa katikati ya ugomvi wao, lakini nilisema ninavyoamini na bado naamini. Wenye watoto wadogo, au ambao mmoja hana kazi ya kuiacha, waende pamoja. Kutengana kunawagharimu kuliko kunavyowaokoa. Lakini pale anayefuata anapokuwa na kazi nzuri, na aliyetangulia yuko kwenye muda wa majaribio, miezi michache ya kupishana ni bima ambayo hakuna kampuni inayoiuza. Mshahara mmoja unabaki umesimama mahali unapojulikana. Na aliyetangulia anapata nyumba, anajua treni, anajua daktari, bila kubeba na huzuni ya mtu wa pili anayeshinda ndani.

Walikubaliana baada ya wiki mbili, kwa njia ambayo sikuwafundisha. Walichukua daftari la shule wakaandika tarehe: mke aondoke mwisho wa Aprili, mume aondoke si zaidi ya tarehe 15 Oktoba, hata kama utambuzi haujakamilika, hata kama Kijerumani hakijafika kokote. Chini yake wote wawili waliweka sahihi. Tarehe iliyoandikwa ndiyo iliyomtuliza mke. Alichokuwa anaogopa kumbe hakikuwa umbali, kilikuwa umbali usio na mwisho. Mume naye hakuacha kazi. Aliomba likizo bila malipo, akapewa mwaka mmoja kuanzia Oktoba. Mwajiri angeweza kukataa, lakini hajui mtu asiyeuliza.

Herufi moja

Kuhusu makaratasi kwa jumla sina mengi, kwa sababu orodha za ubalozi ziko wazi na watu huzifuata. Nitasimama kwenye mawili yaliyowala muda.

La kwanza nililiona mimi wakati natafsiri. Kwenye pasipoti jina la kati la mume lilikuwa na herufi h. Kwenye cheti cha ndoa h hiyo haikuwepo. Miaka 6 cheti kilikaa ukutani ndani ya fremu na hakuna aliyeligundua, na kwa maisha ya nyumbani halikuwa na maana yoyote. Kwa ofisa wa viza hao ni watu wawili: mmoja anaomba kwenda, mwingine ndiye mwenye mke. Kusahihisha kulichukua wiki saba, na kulikuwa lazima kuje kwanza, kwa sababu kuthibitisha cheti chenye kosa ni kulipia kosa muhuri. Ninawaomba wote wanaojiandaa: kabla ya kufanya jambo lingine lolote, keti mezani jioni moja, weka pasipoti katikati, na chukua kila cheti ukisome herufi kwa herufi kwa kidole, jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Someni wawili, mmoja atamke na mwingine afuate.

Uthibitishaji wenyewe hutegemea nchi iliyotoa cheti. Mkataba wa The Hague wa Oktoba 1961 ulizipunguzia nchi wanachama safari, ukabakiza cheti kimoja kinachobandikwa kuthibitisha sahihi na muhuri. Lakini nchi iliyo nje ya mkataba, au iliyojiunga lakini Ujerumani ikapinga, bado hupitia njia ndefu ya ubalozi. Ulizia nchi yako na unakokwenda, zote mbili; kujiunga kwa mmoja hakutoshi.

La pili ni zile saa. Chuo alichosoma mume kilimpa stashahada na alama, hakikumpa hesabu ya saa za vitendo. Alikwenda mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa hakuna kitu kama hicho. Mara ya pili mwenye rejista hakuwepo. Mara ya tatu alikuja na jedwali tupu alilolichora mwenyewe: wodi upande wa kushoto, saa upande wa kulia. Hilo ndilo lililofungua njia, kwa sababu mhusika aliona anaombwa kujaza, haombwi kubuni. Mara ya nne alipewa karatasi tatu zenye muhuri kila ukurasa. Alizileta kwangu amezifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine, na siku hiyo alikuwa na bahasha yake mwenyewe. Sikusema kitu, ila niliona.

Mwezi wa Juni faili lilitumwa Sachsen.

Pesa ya kuomba

Niliwauliza swali moja: mume akifika, siku akitaka kununua tiketi ya basi, pesa itatoka wapi? Mke alijibu haraka, "Si atanitajia tu." Mume hakujibu. Miaka 9 alikuwa hajamwomba mtu nauli.

Waliandika mpango kwenye lile daftari. Akaunti ya benki ya mume ifunguliwe wiki ya kwanza baada ya kufika, kwa jina lake. Kila mwezi mshahara wa mke ukiingia, kiasi walichopatana kihame chenyewe kwenda kwake, kisiwe cha kuombwa wala cha kuelezwa kimekwenda wapi. Pembeni wakaweka akiba ya nauli mbili za kurudi, moja kwa kila mmoja, ambayo kila mmoja angeweza kuifikia bila sahihi ya mwenzake. Mke alilipinga hilo la mwisho kwa siku kadhaa, kisha akalikubali kwa sababu aliyoitoa mwenyewe: kama mume anaweza kuondoka siku yoyote na hajaondoka, basi yupo kwa kupenda.

Gharama za kuanzia waliziwekea akiba ya mishahara, hasa dhamana ya nyumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi 3 bila gharama za ziada kama za kupasha moto. Huyo anayetangulia ndiye huitoa, na ndiye huonekana "amelipa kila kitu". Waliandika kwamba nusu ilitoka kwenye akiba ya mume. Ilikuwa kweli, na kweli iliyoandikwa haisahauliki wakati wa hasira.

Kuna jambo moja la kodi ya mapato ambalo nimeona likivunja watu moyo. Wanandoa Ujerumani huwekwa wote daraja la 4, na wenye kipato kimoja huruhusiwa kuomba mmoja awe la 3 na mwingine la 5. Aliye la 3 hukatwa kidogo, kwa hiyo familia hupata nafuu kila mwezi. Lakini yule wa daraja la 5 akianza kazi, tuseme msaidizi wa wauguzi akisubiri leseni, hukatwa sana, na karatasi yake ya kwanza ya mshahara hufanana na adhabu. Hudhani amedharauliwa, kumbe kodi yake kwa sehemu imeshapunguzwa kwenye mshahara wa mwenzake, na hesabu ya mwisho wa mwaka hufanywa kwa wote wawili pamoja. Mume niliyemweleza hili kabla aliniambia baadaye kwamba wamekubaliana: siku atakayopata kazi, wote wanarudi daraja la 4, hata kama itawapunguzia kidogo kila mwezi. Nadhani walifanya vyema.

Kisanduku

Mke aliondoka Aprili kama ilivyoandikwa. Mume alisoma Kijerumani mara tatu kwa wiki, nyingine akitoka zamu ya usiku moja kwa moja kwenda darasani asubuhi, na alifaulu A2 mwezi wa Septemba. Viza yake ilitoka mwezi huohuo. Alifika Leipzig tarehe 9 Oktoba, siku sita kabla ya tarehe ya daftari. Ndani ya wiki mbili alijiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi pale, kwa maana bila usajili huo hata akaunti na namba ya kodi husumbua. Akajiandikisha pia kwenye kozi ya serikali kwa wahamiaji, saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, ambayo mwenzi aliyepewa kibali cha kwanza ana haki nayo.

Kimya kilikuwa upande wa faili la taaluma. Tangu Juni, hakuna neno. Mke alisema wavumilie, ofisi zimelemewa. Mume hakuvumilia, aliandika barua pepe kwa Kijerumani chake cha A2, sentensi nne, na alinitumia kwanza nimkosolee. Sikukosoa kitu, ingawa kosa moja lilikuwemo. Jibu lilikuja baada ya siku nane: mamlaka ilimwandikia Agosti, ikitaka karatasi moja iliyopungua, na barua ilirudi kwa mtumaji kwa sababu mpokeaji hajulikani kwenye anwani hiyo.

Sababu yake ni hii. Alipotuma maombi alitoa anwani ya mke Leipzig, akidhani itaharakisha. Ujerumani mpeleka barua hafuati namba ya mlango, hufuata jina lililobandikwa kwenye kisanduku. Wao hawatumii jina moja la mwisho, na kisanduku kilikuwa na jina la mke tu, jina lililobandikwa Mei na mwenye nyumba. Ingetosha kuandika kwenye anwani kwamba anapokea kupitia kwa mke, au kuongeza jina lake kisandukuni miezi mitano kabla hajafika. Hakuna aliyekuwa na kosa. Mke alilia, akisema alipita mbele ya kisanduku kile kila siku. Na mimi, ambaye nilihubiri habari ya faili la jina lake tangu Januari, sikufikiria jina la kubandika.

Jioni hiyo mume alikata kipande cha boksi la viatu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, pamoja na ile h, akakibandika kwa gundi ya karatasi chini ya jina la mke. Alinitumia picha. Kisanduku cha bati cha kijivu, majina mawili, moja la plastiki lililochapwa na moja la boksi lililopinda pembeni.

Aliipeleka karatasi iliyopungua siku iliyofuata. Barua ya pili ilikuja mwanzoni mwa Desemba, na ilifika. Kurasa sita, zikitaja saa alizopungukiwa kwa wazee na kwa wagonjwa wa akili, na zikimpa achague mtihani au mafunzo. Alinipigia simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo, nasikia mlango wa chini ukijifunga nyuma yake.

"Imekuja, dada. Nakutumia unitafsirie," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Lakini usiniambie leo. Nipe mpaka Jumapili. Nataka niisome mwenyewe kwanza."